Fisi jike anamtawala dume: ni homoni, au ni ndugu zake?

mwl_baiolojia:

Wakuu, habari za jioni. Kuna swali limezuka darasani kwangu na sipendi kulijibu kwa kubahatisha.

Tulikuwa kwenye mada ya tabia za wanyama. Maelezo ya vitabuni ni yale tunayoyajua wote: dume ana mwili mkubwa na homoni za kiume, kwa hiyo anapigana na anatawala, jike analea. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Na fisi je, mwalimu?" Kabla sijavuta pumzi akaongeza bonobo, yule jamaa wa karibu wa sokwe, halafu tembo wanaoongozwa na bibi. Vioja vikawa vingi kuliko kanuni yenyewe. Nikawaambia tutarudi kwenye swali hilo wiki ijayo, ndiyo maana niko hapa.

Nimewahi kusikia hoja ya undugu, kwamba tofauti za jike na dume katika wanyama wa makundi zinategemea nani anaishi na ndugu zake na nani anaishi na wageni. Sijaielewa. Ndugu wanahusikaje na jike kuwa mkali, au dume kufa mapema? Mwenye kujua kwa mifano hai anisaidie.

Kobe Mpole:

Mwalimu usiumize kichwa, ni homoni. Fisi madoa jike ana kinembe kirefu kama uume, anakojoa na kuzaa kupitia hapo hapo. Mwili kama huo haujengwi na shangazi, unajengwa na kemia. Kuna utafiti wa Maasai Mara uliochapishwa mwaka 2006: majike wa ngazi ya juu wana androjeni, yaani homoni za kiume, nyingi zaidi mwishoni mwa mimba, na watoto wao wanatoka wakorofi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kazi imeisha.

Mama Daftari:

Kazi haijaisha, Kobe. Huo utafiti wa Mara ni wa kweli na nitaurudia. Lakini acha nianze na jinsi ushindi wa fisi unavyoonekana ukiwa umekaa pale pale.

Ujana wangu niliumalizia ndani ya gari la utafiti, darubini shingoni, daftari gotini. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kakutana na nani na nani kampisha nani. Fisi tulikuwa tunawatambua kwa madoa, maana kila mmoja ana yake, na kwa masikio yaliyochanika. Watu hudhani fisi wanang'atana mchana kutwa. Mara nyingi hakuna hata jino linalogusa ngozi. Anayeshindwa analaza masikio, anabana mkia, anakenua meno, anarudi nyuma. Basi. Unaandika majina mawili na mshale katikati.

Kitu kilichonishangaza mapema ni kwamba huwezi kumjua mshindi kwa kumtazama umbo. Unamwona mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, miguu bado haijakaa sawa, anausogelea mzoga na dume mzima anampisha. Yule mtoto hana nguvu yoyote. Ana mama, ana dada wakubwa, ana bibi, na wote wako karibu kiasi cha kuisikia sauti yake. Dume anayempisha hana mtu.

Kwa nini hana mtu? Mwalimu, jibu lako linaanzia hapa. Kwa fisi madoa, binti akizaliwa katika ukoo anakaa humo mpaka kufa. Wengi wa wanaume wakishapevuka wanahama na kujiunga na ukoo mwingine. Huko wanakokwenda hakuna mama wala shangazi, na wanapangwa chini kabisa, nyuma ya madume wageni waliotangulia kufika. Kwa hiyo ukilinganisha "majike" na "madume" wa ukoo mmoja, kwa sehemu kubwa unalinganisha wenyeji wenye ndugu na wageni wasio na ndugu. Mcheza kwao hutunzwa.

Sasa utadai ushahidi. Koo nane za fisi ndani ya kreta ya Ngorongoro zimefuatiliwa tangu mwaka 1996. Mwaka 2019 watafiti wa huko, Oliver Höner, Eve Davidian na wenzao, walichapisha uchambuzi wa mapambano zaidi ya 4,000. Kwa kila pambano walipima jambo moja: kati ya hawa wawili, nani angepata watetezi wengi zaidi ndani ya ukoo? Mwenye watetezi wengi ndiye aliyeshinda karibu kila mara. Haikujalisha ni jike au dume, ana kilo ngapi, wala wamekutania wapi. Na wapo madume wasiohama, wanaobaki kwao. Dume wa namna hiyo, kama mama yake ni mkubwa, hapishi jike wa ngazi ya chini hata kidogo. Ana mwili wa kiume na homoni za kiume kama yule mgeni. Tofauti yao ni ndugu.

Na kuhusu mtoto wa nyoka, Kobe. Mara chache hutokea fisi jike akalea mtoto asiye wake. Waliofuatilia watoto hao wakapata kwamba mtoto anashika ngazi iliyo chini kidogo ya mama mlezi. Ngazi ya mama mzazi haimfuati. Androjeni alizoogelea tumboni zilikuwa za mama mwingine kabisa, lakini cheo kikaja na yule anayesimama nyuma yake kila siku.

Utafiti wa 2006 basi unabaki wapi? Unabaki palepale. Homoni za mimba zinaweza kumfanya mtoto awe mwepesi kuanzisha ugomvi. Kuumaliza ugomvi akiwa mshindi ni suala jingine. Na kumbuka kwamba fisi dume mzima ana testosteroni nyingi kuliko jike, na bado anapisha.

mwl_baiolojia:

Mama Daftari, asante sana. Hilo la mtoto wa kulelewa litanisaidia mno darasani.

Lakini namwona yule binti akiinua mkono tena. Simba! Simba jike naye anabaki kwao na mama, dada na binamu, kama fisi. Dume ndiye anayehama. Kwa hesabu yako simba jike angepaswa kumtawala dume, na sivyo ilivyo. Dume anafika mzoga ukiwa tayari na anakula kwanza.

Mama Daftari:

Mwambie binti ana akili na asiache kuinua mkono.

Simba dume ana vitu viwili ambavyo fisi dume hana. Cha kwanza ni mwili. Fisi jike na dume wanakaribiana ukubwa, jike akizidi kidogo tu, wakati simba dume anamzidi jike kwa mbali sana. Ndugu wanasaidia pale ambapo miili inakaribiana. Pengo la miili likiwa kubwa, lazima wakusanyike wengi ndipo wamzuie dume mmoja. Na simba majike hufanya hivyo hasa, wakati wa kutetea watoto.

Cha pili ndicho kinachonivutia zaidi: simba dume hahami peke yake. Anahama na kaka zake na binamu zake, waliokua pamoja. Kwa maneno mengine, anahama na ukoo wake. Craig Packer na wenzake waliochunguza simba wa Serengeti walionyesha mwaka 1991 jambo zuri sana. Miungano midogo ya madume wawili au watatu inaweza kuwa na wasio ndugu, na humo watoto wanagawanyika kwa namna inayokaribiana. Miungano mikubwa inajaa ndugu watupu. Sababu ni kwamba katika muungano mkubwa wachache tu ndio wanaozaa. Wengine wanapigana, wanachanika, na hawapati mtoto. Nani atakubali kazi hiyo? Kaka. Akikosa mtoto wake, watoto wa kaka yake wanabeba sehemu ya damu yake.

Kwa hiyo kwa simba undugu upo pande zote mbili, wa majike wanaobaki na wa madume wanaovamia. Wavamizi wakishinda wanaua watoto wadogo waliowakuta, kwa sababu si watoto wao na kwa sababu mama asiyenyonyesha atakuwa tayari kupandwa tena haraka. Watakaa miaka michache kabla ya kung'olewa na wengine. Dume anaishi kwa haraka kwa sababu nafasi yake ni fupi. Tofauti hii ya mwendo wa maisha huwezi kuiona kwa kupima misuli tu.

Geuza ubao sasa uende kwa sokwe. Huko binti ndiye anayehama, kwa kawaida, na wanaume wanabaki na kaka zao. Gombe kuna kisa kinachojulikana sana, cha Figan na Faben, wana wa Flo. Faben alipooza mkono mmoja kwa polio mwaka 1966, hivyo yeye mwenyewe hakuwa tishio kwa mtu. Lakini alikuwa akisimama upande wa mdogo wake, na Figan akawa dume mkuu mwaka 1973. Faben alipotoweka mwaka 1975, Figan alitikiswa vibaya. Mkono mmoja mzima wa kaka ulikuwa na thamani hiyo.

Kobe Mpole:

Sawa, nimesoma yote na nimetulia kidogo. Ila bonobo wanakuharibia hesabu, mama yangu. Kwa bonobo pia majike ndio wanaohama, wanafika ugenini bila ndugu, kama sokwe. Na hao hao wageni wanawatawala madume ambao wako nyumbani kwao. Ndugu wako wapi hapo?

Mama Daftari:

Hapo hawapo, na sitalazimisha wawepo. Bonobo majike wanajenga umoja na majike wasio ndugu zao, na wakimkabili dume wanamkabili kwa kundi. Kinachoamua ni idadi ya walio upande wako. Kwa fisi walio upande wako ni ndugu. Kwa bonobo jike ni marafiki aliowatafuta mwenyewe. Undugu ni njia rahisi ya kupata watetezi, kwa kuwa unazaliwa nao. Njia nyingine zipo ila zinachukua muda.

Lakini tazama dume wa bonobo. Yeye ana ndugu mmoja wa maana sana kwenye kundi: mama yake. Martin Surbeck na wenzake walilinganisha makundi kadhaa ya bonobo na sokwe, wakachapisha mwaka 2019. Dume wa bonobo ambaye mama yake bado yumo kundini ana uwezekano wa kama mara tatu zaidi wa kupata watoto. Mama anamsogeza karibu na majike walio tayari, anawafukuza wapinzani wake, wakati mwingine anakwenda kuvuruga mpandano wa dume mwingine. Kwa sokwe faida kama hiyo haikuonekana. Sababu haijifichi: mama bonobo ana sauti kundini, mama sokwe hana. Mama ni yule yule, ila mchango wake unategemea nafasi yake.

Wimbi la Kusi:

Mwalimu aliuliza pia kuhusu dume kufa mapema, naona nchi kavu imewanogea mkasahau bahari.

Nyangumi wauaji wale wanaokula samaki, pwani ya Pasifiki ya Kanada na Marekani, wametambuliwa mmoja mmoja kwa picha za mapezi tangu miaka ya 1970. Kwao hahami mtu. Binti anabaki na mama na mwana anabaki na mama, mpaka kifo. Wanapandana na makundi mengine wanapokutana, kisha kila mmoja anarudi kwa mama yake. Jike anaacha kuzaa akikaribia miaka 40 na anaweza kuishi mpaka 80 na kitu. Madume wengi hawaipiti 30 kwa mbali.

Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliopima kinachotokea mama akifa. Kwa mwana aliyezidi miaka 30, hatari ya kufa mwaka unaofuata inapanda kama mara 14. Kwa binti wa umri huo ni kama mara tatu tu. Dume la tani kadhaa, lenye pezi la mgongoni refu kuliko mtu, haliwezi kuishi bila mama!

Na mama analipa. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kila mwana aliye hai anapunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mama kuzaa ndama atakayeishi, katika mwaka husika. Haijalishi huyo mwana ana miaka mitano au ishirini. Binti hamgharimu mama namna hiyo.

Kwa nini amdekeze mwana na si binti? Binti akizaa, ndama anakula samaki wa familia hii hii. Mwana akizalisha, ndama anazaliwa kwenye kundi la watu wengine, na wao ndio watakaomlisha. Bibi anapata mjukuu bila kumwongeza mlaji nyumbani.

mwl_baiolojia:

Wimbi, nimesoma aya hiyo ya mwisho mara mbili mbili. Na hilo la kuacha kuzaa, nalo linaelezwa na ndugu?

Wimbi la Kusi:

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Jike anapozaliwa, baba yake hayumo kundini, kwa hiyo undugu wake na madume waliopo ni wa kiasi. Akizaa wana, nao hawaondoki, undugu wake na madume wa kundi unapanda mwaka hadi mwaka. Kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozungukwa na wengi anaofaidika kuwasaidia. Rufus Johnstone na Michael Cant waliiweka hoja hiyo kwa hesabu mwaka 2010. Baadaye ikaonekana kwamba mama na binti wakizaa wakati mmoja, ndama wa mama mzee anakufa zaidi, kama mara 1.7. Kwa hiyo mzee anaacha kuzaa, kisha anashika uongozi: samaki aina ya salmoni wakiadimika, majike wazee ndio wanaotangulia mbele ya kundi.

Kobe Mpole:

Swali langu la mwisho kabla sijalala. Kama undugu unabadilika na umri, basi hata yule fisi dume mgeni hatabaki mgeni milele. Akizaa mabinti wawili watatu ana ndugu. Mbona hapandi cheo kwa msaada wao?

Mama Daftari:

Swali zuri kuliko yote ya leo, Kobe. Mwaka 2022 Samuel Ellis, Darren Croft na wenzao walichukua kumbukumbu za miaka mingi za mamalia saba: fisi madoa, nyani wa Amboseli, sokwe, makaku, nguchiro miraba, melesi wa Ulaya (badger) na hao nyangumi wa Wimbi. Walichofuata ni hicho hicho, undugu wa mnyama na waliomzunguka unavyopanda au kushuka kadiri anavyozeeka, na unavyotofautiana kwa jike na dume. Anayehama kwa kawaida anaanza karibu na sifuri na kupanda, kwa sababu ndugu zake ni wale atakaowazaa mwenyewe. Anayebaki anaanza juu, halafu mama anakufa, shangazi wanakufa, wageni wanaingia.

Kwa hiyo ndiyo, fisi dume mzee ana damu yake ndani ya ukoo. Lakini damu peke yake haipigani. Anayemtetea mtoto wa fisi ni mama, kila siku, mpaka ukoo mzima umezoea. Baba hashiriki malezi hayo, na binti anakua akijua watetezi wake ni wa upande wa mama. Linganisha na nyani wa Amboseli, ambako mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba baba anaingilia ugomvi wa watoto na kumsaidia wa kwake zaidi kuliko wa wengine, ingawa majike wanapandwa na zaidi ya dume mmoja. Pale undugu wa baba unafanya kazi kwa sababu baba ana namna ya kumjua mtoto na anakuwepo.

Mwalimu, kwa kipindi cha wiki ijayo usiwape jedwali la dume na jike. Wape wanyama na maswali matatu: nani anabaki, anapandana na nani, na ndugu zake wanaongezeka au wanapungua akizeeka. Waache wakisie tabia kabla ya kuwaambia. Ningeanza na fuko asiye na manyoya. Huko wengi wa jinsia zote hawatoki nje ya shimo walimozaliwa, na wafanyakazi wa kike na wa kiume wanachimba, wanabeba watoto, wanalinda, kiasi kwamba kwa nje ni vigumu hata kuwatofautisha. Mmoja tu, malkia, ndiye anayezaa, na akishika nafasi hiyo pingili za mgongo wake zinarefuka. Yule binti wa dawati la nyuma mpe huyo.

mwl_baiolojia:

Nimeshamwandikia kwenye karatasi yake. Mama Daftari, Wimbi, Kobe, asanteni. Nikileta majibu yao hapa msiwacheke.